Pajama angani: yanayosemwa Kisumu na yanayofanyika ndani ya ndege

Msafiri wa Kisumu anayeelekea New York hupanda ndege mara mbili. Ya kwanza, hadi Nairobi, haimalizi hata saa moja; humo usihangaike na lolote, hata viatu usivivue. Ya pili ndiyo yenye kazi. Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua takribani saa 15 kwenda. Aliyelipia daraja la biashara amelipia, kuliko kitu kingine chochote, kiti kinachonyooka kikawa kitanda. Kukilalia na suruali ya suti na mshipi kiunoni ni kujinyima ulichonunua. Lakini wengi hulala vivyo hivyo, kwa sababu ya waliyoambiwa kabla ya kufunga sanduku.

“Ukivaa nguo za kulalia watu watakuona mshamba”

Hakuna anayekutazama. Mashirika kama Qatar Airways na Qantas yenyewe hugawa pajama kwa abiria wa daraja la biashara katika baadhi ya safari zao ndefu, na wahudumu wanatarajia kwamba utazivaa. Ukiulizwa saizi, taja inayozidi yako kidogo, maana unazilalia ukijipinda. Pajama ukishapewa ni zako, nenda nazo nyumbani. Vivyo hivyo kale kamfuko ka mswaki na soksi. Blanketi, mto na vipokea sauti ni mali ya ndege, na hapa ndipo watu wazima hujiaibisha.

Usipopewa, beba zako. Suruali nyepesi ya pamba na fulana ya mikono mirefu, zote za rangi iliyokoza na zisizoonyesha mwili, zinatosha kabisa. Jumapili moja pale soko la Kibuye, Kisumu, utazipata bila kutoa pesa nyingi. Soma lebo kwanza. Pamba hupitisha hewa, ilhali nailoni huzuia jasho, na panapozuka moto huyeyuka na kugandia ngozi. Dera ni vazi zuri la kulalia, mradi pindo lisiburute: urefu ule unaopendeza sebuleni ndio unaofagia sakafu ya choo na kukunasa miguu ukikimbilia mlango wa dharura. Ama ulivae fupi, ama ulifunge kiunoni kwa leso. Kulala kifua wazi au na boksa tupu, hata chini ya blanketi, hakukubaliki. Blanketi huteleza.

“Kiti kina mlango, badilisha hapo hapo”

Hili ndilo linaloleta ugomvi. Viti vya kisasa vyenye mlango, kama vile Qsuite vya Qatar Airways vilivyozinduliwa 2017, vina kuta ambazo hazifiki darini. Ukisimama, kichwa na mabega viko nje, na mhudumu anayepita na sinia anaona kila kitu bila kutaka. Viti visivyo na mlango ndivyo vilivyo vingi zaidi. Kinachoruhusiwa kitini ni kuvua koti na tai, kulegeza mshipi na kubadilisha soksi. Mengine yote nenda chooni.

Choo ni kidogo, na asiyejipanga hutoka humo suruali imelowa. Kabla ya kuinuka, toa kila kitu mifukoni, simu hasa, kwa sababu ikidondokea kwenye choo kile kinachovuta kwa upepo hutaipata tena. Weka nguo za kulalia na slipa katika mfuko mdogo wa kitambaa. Ukiingia, funga kifuniko cha choo na utandaze karatasi mbili tatu za kupangusia mikono sakafuni. Anza na juu: vua shati, litundike kwenye ndoano ya mlangoni, vaa fulana. Kisha keti juu ya kifuniko na ukunje miguu ya pajama hadi gotini kabla ya kuigusisha popote. Toa mguu mmoja kwenye kiatu na suruali, uingize kwenye pajama, kisha kwenye slipa. Ndipo uende mguu wa pili. Watu wengi hutoa miguu yote miwili kwa pamoja, ndege ikatikisika, wakajikuta wamesimama na soksi kwenye maji ambayo si lazima yawe maji.

Hiyo ndiyo sababu ya kutoingia chooni na soksi tupu, usiku kucha. Wala usiende pekupeku. Slipa za kitambaa zinazotolewa bure hunyonya unyevu na kuurudisha kitandani. Patipati za mpira, zile zile za bafuni nyumbani, ni bora.

Kazi nzima ni dakika tano. Kuoga kwa sinki, kunyoa na kupiga simu ya video humo ndani ndiko kunakofanya foleni ifike jikoni.

“Badilisha wakati wowote upendao”

Kwa kweli adabu ya jambo hili iko kwenye saa kuliko kwenye nguo. Vyoo vya daraja hili ni vichache, mara nyingi viwili au vitatu, na watu thelathini huvitaka kwa wakati mmoja: punde baada ya chakula cha kwanza, na tena taa zinapowashwa kwa ajili ya kifungua kinywa. Nenda mara tu alama ya mkanda inapozimwa baada ya kupaa, kabla chakula hakijaletwa. Utakula ukiwa na pajama, na hilo halina ubaya wowote. Anayetaka kula na shati lake aende vitafunio vya mwisho vikiondolewa, ila ajue atapanga foleni.

Kurudi kwenye nguo za kawaida kuna ratiba kali zaidi. Rudi saa mbili na nusu kabla ya kutua, kabla harufu ya kahawa haijawaamsha wenzako. Ukingoja hadi ndege ianze kushuka, alama ya mkanda itawashwa na utasimama mbele ya afisa wa uhamiaji ukiwa na nguo za kulala. Sheria haikukatazi, ila usingizi wako utakuwa umeandikwa mwili mzima.

“Basi vaa pajama kutoka nyumbani, yaishe”

Kutoka Kisumu na pajama maana yake ni kuketi nazo uwanjani Nairobi saa kadhaa, zikafika kitandani na vumbi la viti vyote. Halafu kuna chumba cha kupumzikia. Qantas, ile ile inayogawa pajama, imeandika katika kanuni za vyumba vyake kwamba nguo za kulalia haziruhusiwi, zikiwemo zile ilizotoa yenyewe! Vaa nguo nadhifu zilizolegea, ubadilishe juu.

“Kule juu ni baridi kama Molo, jifunge masweta”

Kinacholingana na Molo, mji ule wa nyanda za juu, ni mgandamizo wa hewa, tena kwa ndege za zamani, ambazo hewa yake ya ndani inaweza kufikia ile ya mwinuko wa mita 2,400. Boeing 787 haizidi takribani mita 1,800, yaani mwinuko wa Nakuru mjini. Joto la ndani kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 22 na 24, na chini ya blanketi nene aliyevaa sweta huamka ameloa jasho. Vaa tabaka mbili nyembamba uweze kuvua moja. Kinachoumiza hasa ni ukavu: unyevu wa hewa mara nyingi hauzidi asilimia 20. Mafuta ya midomo na maji hufaa kuliko sweta. Manukato ya kunyunyiza yaache sandukuni, maana jirani yako hana dirisha la kufungua.

Kuna jingine ambalo abiria wetu hulikosea hesabu. Hewa ya tumboni hutanuka mgandamizo unaposhuka, ndiyo maana huambiwa uvae kiuno cha lastiki. Anayepanda 787 Nairobi tayari yuko mita 1,600 na zaidi, kwa hiyo tumbo lake halioni tofauti kubwa. Wakati wa kurudi, akitoka New York kwenye usawa wa bahari, ndipo kifungo cha suruali kinapokaza. Lastiki ya kiuno ilegee. Ile ya kifundo cha mguu ilegee zaidi, isipokuwa ni soksi maalumu za kubana zinazopanda hadi chini ya goti, kwa wanaoshauriwa na daktari. Kukaa bila kutembea kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kulala kitandani hakuifuti.

“Ukishalala, mkanda na viatu havina kazi”

Funga mkanda juu ya blanketi, uonekane. Ukiufunga chini yake, ndege ikianza kutikisika mhudumu atalazimika kukuamsha ili ahakikishe, nawe utamlaumu bure. Viatu vya kufungwa viwe miguuni wakati wa kupaa na kutua, hata ukiwa na pajama, kwa sababu slipa hubaki nyuma mtu anapokimbia.

Mifuko ya pajama ni mifupi, na simu huchomoka humo usiku ikazama kati ya mto na ukuta wa kiti. Ikipotea, usiguse kitufe cha kuinua kiti. Mtambo wa kiti huweza kuiponda, na betri iliyopondwa hushika moto. Mwite mhudumu aitafute kiti kikiwa kimetulia.

Koti na suruali ya suti mpe mhudumu azitundike, baada ya kutoa paspoti na kadi ya manjano ya chanjo. Ukumbuke kuziomba kabla ya ndege kuanza kushuka. Ikishaanza, naye amefungwa mkanda kama wewe, na suti yako iko kabatini.