Paka anayetikisika kichwa hana shetani

Barazani kwetu Malindi alikuwapo mtoto wa paka ambaye kila akiinamia kisahani cha vibua kichwa kilimtikisika, na mdomo ulivyokaribia samaki ndivyo kilivyozidi. Jirani akaniambia, "Huyo ana shetani, mwanangu. Msomee." Kusoma hakudhuru. Lakini kutikisika huko kuna sababu zake mwilini, na cha mwanzo kinachozitenga ni siku kulipoanza.

Paka akipata panlukopenia, ugonjwa wa virusi vya paka, akiwa na mimba, huweza kuzaa watoto ambao sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo haikukua vizuri. Hao hupepesuka tangu wanapojifunza kutembea, na hali haizidi. Gangliosidosisi, ugonjwa wa kurithi, ni kinyume chake: mtoto huanza mzima, acheze, arukie mapazia, kisha akiwa bado mdogo aanze kutetemeka, na kila wiki azidi kulegea. Amekosa kimeng'enya kimoja cha kuvunja mafuta mwilini, basi mafuta yasiyovunjwa yanamjaa ndani ya seli za neva. Kwa hiyo andika siku uliyoona. Na kama alipakwa dawa ya kupe ya mbwa, mtajie daktari: permethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, hutetemesha paka na huweza kuwaua.

"Mama mzima, baba mzima, ugonjwa wa kurithi utoke wapi?" Hapa tunakosea sana. Maradhi mengi ya namna hii hutaka jeni mbovu mbili, moja kwa kila mzazi, na mwenye moja tu haonyeshi chochote. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Ndiyo maana daktari huulizia ndugu zake waliokufa.

Wala si maradhi ya paka wa mbegu za Siamese na Korat peke yao; paka wa mitaani nao hupata.

Damu ikitoka safi kwenye vipimo vya ini na figo, bado hujamaliza. Katika mukopolisakaridosisi, ugonjwa mwengine wa kurithi ambao hubapisha uso na kutia ukungu machoni, dalili hutafutwa kwenye mkojo, na chembe nyeupe za damu hutazamwa kwa hadubini. Kisha hupimwa kimeng'enya chenyewe, au jeni. Kipimo cha jeni nacho hujibu kile kilichoulizwa tu: kukosa kasoro moja hakumsafishi na nyengine.

Wetu aliyumba tangu aliposimama, na hakuzidi. Sasa ana miaka mitatu. Kisahani tumekibadili kwa bakuli zito la udongo, asilipindue.