Paladi, hewa na mwinuko wa Arusha: kazi ya mkemia wa vichocheo vya metali

Mgonjwa wa presha anayemeza losartani kila asubuhi na mkulima wa maua anayepulizia boskalidi kuzuia ukungu wa kijivu hawafahamiani, lakini molekuli wanazotumia zina jambo moja linalofanana: pete mbili za kaboni zilizoshikana moja kwa moja. Kwa dawa zote mbili zimebuniwa njia za kiwandani zinazounga pete hizo kwa paladi. Bila metali hiyo unaweza kuchemsha vitu hivyo wiki nzima na usipate kitu.

Paladi hufanya kazi ya mshenga. Kwanza huingia katikati ya kaboni na bromini za pete ya kwanza. Kisha boroni, iliyoibeba pete ya pili, huikabidhi paladi pete hiyo. Pete zote mbili zikishakaa juu ya atomu hiyo moja ya paladi, hushikana, na paladi hutoka ikiwa kama ilivyokuja, tayari kwa jozi nyingine. Ndiyo maana kiasi kidogo sana hutosha.

Waliofungua njia hii ni Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki, waliotunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2010. Anayefikiria kazi hii aitazame safari ya Heck. Mwaka 1968, akiwa mtafiti wa kampuni ya Hercules huko Delaware, Marekani, alichapisha makala saba mfululizo, peke yake, akitumia paladi pamoja na misombo ya zebaki. Zebaki ni sumu, na mwaka 1972 alionyesha kwamba inaweza kuachwa. Tsutomu Mizoroki wa Japani alikuwa amefika hapo mwaka mmoja kabla. Heck alistaafu ualimu wa chuo kikuu 1989, miaka 21 kabla ya Nobeli. Fani hii hailipi haraka, na kijana asidanganywe kuhusu hilo.

Mazoezi ya kwanza ya mwanafunzi wa uzamili, awe Tengeru karibu na Arusha au kwingine, huweza kuwa mmenyuko wa Suzuki, yaani kuunga pete kwa paladi na boroni, kwa kipimo kidogo. Chukua 4'-bromoasetofenoni (ile yenye bromini kwenye pete) miligramu 199, asidi ya fenilboroniki miligramu 146, potasiamu kaboneti miligramu 276, ethanoli mililita 4 na maji yaliyokenekwa mililita 1. Kichocheo ni paladi iliyobebwa na fosfini nne (misombo ya fosforasi), miligramu 23, yaani molekuli 2 kwa kila 100 za bromoasetofenoni. Asidi ya boroniki imezidishwa kwa asilimia 20 kwa makusudi: sehemu yake hupoteza boroni njiani na kubaki benzini tupu isiyo na faida. Ukipata zao lote bila kupoteza chochote, ni miligramu 196. Asilimia 85 ni kazi nzuri.

Kinachoua mmenyuko huu mara nyingi ni oksijeni. Huunguza fosfini zinazoishikilia paladi, na pia husababisha pete za asidi ya boroniki ziungane zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo pitisha nitrojeni ndani ya ethanoli na maji kwa dakika 20 kabla ya kutia kichocheo, si baada. Sindano ndefu ifike chini kabisa ya chupa na sindano fupi itoboe kifuniko cha mpira ili gesi itoke. Wanaoanza huiacha ncha ya sindano ndefu juu ya kimiminika. Gesi inavuma, puto linapungua, na oksijeni iliyoyeyuka inabaki palepale. Nitrojeni ikikosekana, agoni ya mafundi wa kuchomelea aluminiamu inafaa, mradi uhakikishe mtungi una agoni tupu. Mingine huchanganywa na kaboni dioksidi.

Kabla ya kupima kichocheo kitazame rangi. Kizima ni njano angavu. Kikigeuka kijani au kahawia kimeshaingiliwa na hewa, na kuongeza kipimo ili kufidia ni kupoteza fedha. Kihifadhi kwenye friza, gizani, chini ya nitrojeni, na ukiache kipate joto la chumba kabla ya kufungua chupa, la sivyo unyevu utatulia juu yake.

Halafu kuna mwinuko, ambao vitabu vingi havitaji. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi joto 95, ethanoli 74 badala ya 78, toluini karibu 105 badala ya 110. Moshi ipo chini zaidi. Maji huko hukaribia 97. Maelekezo yakisema "chemsha kwa kondensa saa 4", aliyeyaandika pengine alikuwa pwani. Kwa makadirio ya kawaida, mwendo wa mmenyuko hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10, hivyo pungufu ya nyuzi 4 au 5 huzigeuza saa 4 kuwa zaidi ya 5. Kupandisha moto wa jiko hakusaidii: ethanoli itachemka kwa fujo zaidi kwenye joto lilelile. Ongeza muda, au tumia propanoli, ambayo huchemka juu zaidi.

Je, floridi iliyomo majini huharibu mmenyuko? Swali hili huulizwa sana na wanaotoka Maji ya Chai na Ngurdoto, karibu na Arusha. Maji yenye miligramu 4 kwa lita yanadhuru meno, lakini mililita moja yake ina floridi ndogo mno mbele ya potasiamu kaboneti iliyomo chupani. Tena wakemia wengine hutumia chumvi za floridi badala ya kaboneti. Sababu ya kukeneka maji ni chumvi nyingine.

Umeme ukikatika, sumaku ya kukorogea husimama, kaboneti na maji hutuama chini, na mmenyuko hulala. Umeme ukirudi mapema kazi huendelea. Ukiona vumbi jeusi au kioo cha metali kwenye ukuta wa chupa, paladi imejikusanya na haichochei tena. Hapo kusubiri hakuna maana. Thibitisha kwa bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu vilivyomo chupani, chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254.

Kwa anayelenga dawa, kibarua kikubwa kipo mwishoni. Miongozo ya kimataifa inaruhusu mikrogramu 100 za paladi kwa siku kwa dawa ya kumeza. Katika kipimo chetu mna paladi ya takriban miligramu 2.1. Ingebaki yote katika miligramu 196 za zao, kidonge cha miligramu 50 kingekuwa na mikrogramu 540, zaidi ya mara tano ya kiwango. Zao huchujwa kupitia seliti (unga wa kuchujia), hukorogwa na makaa amilifu au silika yenye salfa inayonasa paladi, kisha hupimwa kwa mashine, kwa sababu weupe wa unga si ushahidi wa usafi.

Makaa na seliti zilizotumika zisitupwe kwenye ndoo ya karatasi. Paladi juu ya makaa, hasa iliyokutana na hidrojeni, huweza kuwaka yenyewe ikikauka hewani. Iloweshwe maji, iwekwe kwenye chupa yake yenye lebo, na ikusanywe: paladi hiyo ina thamani na hurejeshwa na viwanda vya kusafisha metali.