Je, wajua kwa nini kampuni za vifaa vya maabara huimba mtandaoni?

Mwaka 2008 video moja ilisambaa kwenye YouTube na kuwafanya wanasayansi wa nchi nyingi waache mirija yao mezani na kuitana waje watazame. Waimbaji wanapokezana mistari kwa hisia nzito, kwa mtindo wa zile nyimbo za hisani za miaka ya 1980 ambapo mastaa walisimama bega kwa bega kuchangia waliokumbwa na njaa. Ila hawa hawaimbi habari za njaa. Wanaiimba PCR, njia ya maabara ya kunakili vinasaba mara nyingi. Wimbo uliitwa The PCR Song, na aliyeugharamia ni Bio-Rad, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1952 na mtu na mkewe, David na Alice Schwartz. Mwaka huohuo Eppendorf ya Ujerumani ikatoa video ya vijana wanaoimba na kucheza kama bendi ya wavulana, wakiisifu epMotion, mashine inayonyonya na kugawa vimiminika yenyewe.

Watu waliosomea vinasaba kwa miaka mingi hawanunui mashine kwa sababu ya wimbo. Kwa nini basi kampuni itoe pesa kwa ajili ya studio, waimbaji na kamera?

Tuanze na kinachouzwa. Aliyesafiri kwa ndege mwaka 2020 au 2021 analijua neno PCR, maana alipanga foleni akaingizwa kijiti puani, kisha akasubiri cheti. Kinachofanyika baada ya kile kijiti kuondoka ni hiki: kipande kidogo cha vinasaba hupashwa joto hadi karibu nyuzi 95 za Selsiasi, na kamba zake mbili zinaachana. Joto linashushwa, vipande vifupi vya kuanzishia vinajishika mahali pake. Linapandishwa tena hadi 72, na kimeng'enya, protini ya kufanya kazi hii, kinajenga upande uliokosekana kwenye kila kamba. Kilichokuwa kimoja ni viwili, viwili vinakuwa vinne. Ukirudia mara 30 umevuka nakala bilioni moja, na hapo hata kirusi kilichojificha kinaonekana. Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983 na mwaka 1993 akapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Kimeng'enya kilichoiwezesha kufanyika mashineni bila kuongezwa upya kila mzunguko kilitokana na bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, waliozoea kuishi kwenye maji ya moto.

Sasa kitazame kimeng'enya hicho kwa macho ya muuzaji. Ni kimiminika kisicho na rangi, matone machache chini ya mrija mdogo kuliko kidole. Cha kampuni hii na cha kampuni ile vimefanana kama shilingi kwa ya pili. Huwezi kukionja, huwezi kukipima kwa macho, na hakina harufu. Duka la nguo hutundika gauni mlangoni. Huyu hana cha kutundika.

Halafu kuna suala la nani hasa ndiye mteja. Anayelipa ni profesa mwenye fedha za mradi, au ofisi ya manunuzi. Lakini anayejaza fomu ya kuagiza, anayeandika namba ya bidhaa na jina la kampuni, mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara mwenye miaka ishirini na kitu. Huyu yuko simuni. Kati ya kuweka sampuli kwenye mashine ya PCR na kuzitoa ana saa nzima au mbili za kukaa tu, na saa hizo anazimaliza akitazama video. Wimbo ulitengenezwa kwa ajili yake. Hauthibitishi kwamba mashine ni bora. Unamwambia kwamba kuna watu wanaojua kazi anayoifanya, wanajua jinsi inavyochosha, na wanajua kilio cha jaribio lililokataa kwa mara ya nne.

Na akishachagua, uchaguzi wake haumwishii yeye. Fungua tasnifu ya biolojia ya molekuli, iwe ya Muhimbili, Makerere au Nairobi, nenda sehemu ya mbinu za utafiti. Utakuta kila kitendanishi, yaani kemikali ya kufanyia jaribio, kimetajwa pamoja na kampuni iliyokitengeneza, na mara nyingi hata mji: Bio-Rad, Hercules, California. Imeandikwa hivyo ili mwingine aweze kurudia kazi ileile na kuona kama atapata jibu lilelile. Mwanafunzi anayefuata huchukua ukurasa huo, hufuata maelekezo neno kwa neno, na huagiza chupa ileile, kwa sababu kubadilisha kitu kimoja kwenye jaribio linalofanya kazi ni kujitafutia balaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tangazo lenye nguvu kuliko yote katika biashara hii, na halilipiwi. Kampuni ikiingia kwenye daftari la kwanza la mtafiti, inaweza kukaa humo mpaka anastaafu. Eppendorf ilianza kuuza mirija midogo ya plastiki yenye kifuniko miaka ya 1960, na hadi leo maabara mtu atakuambia "nipe eppendorf" hata kama mrija umetengenezwa na kampuni nyingine kabisa.

Ndiyo maana wengine hawangoji chuo kikuu. Wanaenda shuleni.

Bio-Rad ina seti ya mafunzo iitwayo pGLO, na ni moja ya vitu vizuri nilivyowahi kuona vikifundishwa. Wanafunzi wanapewa bakteria wa kawaida, wasio na madhara kwao, pamoja na kiduara cha vinasaba chenye jeni mbili za kuangalia. Moja inatoka kwa yavuyavu, mnyama laini wa baharini ambaye wengine pwani humwita konyeza. Ndiyo inayotengeneza protini inayong'aa kijani. Ya pili inawakinga bakteria dhidi ya antibiotiki ya ampisilini. Wanachanganya kwenye mrija uliozikwa kwenye barafu, wanasubiri dakika kumi, kisha wanauchovya kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 50 na kuurudisha haraka kwenye barafu. Ule mshtuko wa joto unawafanya baadhi ya bakteria wakipokee kile kiduara. Halafu wanawapaka kwenye sahani na kuziacha kwenye joto la nyuzi 37 hadi kesho.

Kesho yake taa zinazimwa, inawashwa taa ya urujuanimno. Sahani mbili zina bakteria waliopokea kiduara kilekile, na zote mbili zina ampisilini. Moja imeota madoa meupe tu. Nyingine inawaka kijani. Tofauti yao ni sukari moja, arabinosi, iliyowekwa kwenye sahani ya pili. Ndiyo swichi inayoiwasha ile jeni. Mtoto aliyeshika sahani hiyo gizani ameelewa jambo ambalo kurasa ishirini za kitabu humzungusha bila kumfikisha: kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kuwashwa ni jambo jingine. Protini hiyo ya kijani iliwapa wanasayansi watatu Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2008, mwaka uleule wa wimbo. Na pembeni ya kila mrija aliougusa yule mtoto lipo jina la kampuni.

Mtu anaweza kusema huo ni ujanja wa kuwavizia watoto. Mimi siuoni hivyo, mradi somo lenyewe ni la kweli na mwalimu ndiye anayeliongoza. Kampuni ndogo ya miniPCR ilishirikiana na Boeing kuanzisha shindano la Genes in Space, ambalo huwaalika wanafunzi kubuni jaribio la vinasaba la kufanyika angani. Jaribio la mshindi wa kwanza, msichana wa sekondari kutoka jimbo la New York, lilifanyika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2016, ndani ya mashine ndogo ya PCR ya kampuni hiyo. Mashine imepata sifa, ndiyo. Msichana naye amepata kitu ambacho hakuna ada ya shule ingemnunulia.

Kuna njia nyingine isiyo na kelele, na mimi ndiyo naiheshimu zaidi. New England Biolabs ya Massachusetts, inayouza vimeng'enya vya kukatia vinasaba, kwa miaka mingi ilichapa katalogi ambayo nyuma yake imejaa majedwali na maelekezo. Wanafunzi waliiweka mezani kama kitabu cha rejea hata siku ambayo hawakuwa na senti ya kununua chochote. Richard Roberts, mshindi wa Nobeli ya Tiba ya mwaka 1993, amekuwa kiongozi wa sayansi hapo, na hazina ya taarifa za vimeng'enya hivyo iitwayo REBASE iko wazi kwa yeyote, bure. Video fupi za leo zinazoonyesha namna ya kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, bila kuingiza povu, au kukokotoa kiasi cha chumvi, ni katalogi ileile iliyohamia kwenye simu.

Mpaka nao upo. Bidhaa nyingi za aina hii zimeandikwa kwamba ni za matumizi ya utafiti pekee. Kampuni haiwezi kutamba mtandaoni kwamba kitendanishi cha namna hiyo kinampima mgonjwa ugonjwa fulani, kwa sababu hakijathibitishwa kwa kazi hiyo, na jibu la uongo linaweza kumpeleka mtu kwenye dawa isiyo yake. Ndiyo sababu machapisho yao huzungumzia zaidi mbinu kuliko tiba.

Huku kwetu sehemu kubwa ya haya haifanyiki YouTube. Inafanyika WhatsApp, kati ya mtafiti na wakala, kwa sababu kitendanishi kinakuja kwa ndege ndani ya boksi la barafu, na kila mtu anataka kujua boksi limefika wapi kabla barafu haijaisha. Nakumbuka usiku mmoja mwenzangu wa uzamili, jeli, lile bamba laini la kuonyeshea matokeo ya PCR, imetoka tupu, ameketi sakafuni karibu na friza na simu mkononi. Akamwandikia dada mmoja wa upande wa ufundi katika kampuni ya kusambaza vifaa: "Shikamoo dada, samahani kwa usiku huu. PCR yangu imekataa tena."

"Marahaba mdogo wangu. Tuma picha ya jeli."

Akatuma. Jibu likaja baada ya dakika chache. Mistari ya kipimio, ile ya vipande vya urefu unaojulikana, ilionekana vizuri. Kwa hiyo jeli na rangi yake havikuwa na kosa. Lakini hata kontroli chanya, sampuli ambayo lazima itoe jibu, ilikuwa tupu kama nyingine. "Sampuli zako usizitupe," dada akaandika. "Tatizo liko kwenye mchanganyiko. Umeme umekatika mara ngapi wiki hii?"

Mara tatu. Mchanganyiko wenye kimeng'enya ulikuwa umeyeyuka na kuganda, ukayeyuka tena. Dada akamwelekeza augawe ule ujao kwenye mirija midogo midogo, kila mmoja wa kutumika mara moja, na auweke chini kabisa ya friza, mbali na mlango. Wiki mbili baadaye mistari ilijipanga kwenye jeli mmoja mmoja, myeupe na mikali.

Tasnifu yake iko maktaba. Kwenye sehemu ya mbinu, mstari wa tatu, limeandikwa jina la kampuni ile, pamoja na mji wake.