Ubora wa maisha ya mwenye moyo ulioshindwa: tunauliza nini, na anajibu nani

Chukua wagonjwa wawili wa moyo kushindwa, yaani moyo usiosukuma damu ya kutosha, waliopigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) wiki moja. Wote wawili moyo wao unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu inayojaa kwenye chumba kikuu cha kushoto, wakati moyo wenye afya husukuma 55 au zaidi. Mmoja anafungua duka lake saa mbili asubuhi na kulifunga jioni. Mwenzake analala ameegemea mito mitatu, na akiingia kuoga lazima mtu asimame mlangoni. Ukisoma ukurasa wa eko peke yake huwezi kujua yupi ni yupi. Hii ndiyo sababu nimekuwa msumbufu kwa wenzangu kliniki ya moyo: nataka ubora wa maisha upimwe na kuandikwa kwenye faili kama tunavyoandika presha na uzito.

Wengi watasema tunaupima tayari. Kweli, tuna madaraja manne ya New York Heart Association, chama cha moyo cha New York, yanayotumika tangu 1928. Daraja la kwanza ni mtu asiyezuiwa na chochote, la nne ni yule anayehema hata akiwa amekaa. Ni kipimo chepesi na sikikatai. Ila anayechagua daraja ni daktari, mara nyingi baada ya dakika chache za mazungumzo, na madaktari wawili wakimwona mgonjwa yuleyule si ajabu mmoja akaandika la pili na mwingine la tatu. Tena madaraja manne ni machache mno. Mgonjwa anaweza kupata nafuu ya maana kabisa maishani mwake na bado akabaki daraja lilelile.

Kwa hiyo yakatengenezwa madodoso ambayo mgonjwa anajibu mwenyewe. Mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. La kwanza lilitoka Minnesota, Marekani, miaka ya 1980, kazi ya Thomas Rector na Jay Cohn. Lina maswali 21, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 5, kwa hiyo jumla inaishia 105, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. La pili ni la Kansas City, la John Spertus na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000 likiwa na maswali 23. Hili linakwenda kinyume: 0 ni hali mbaya kabisa, 100 ni nzuri kabisa. Mtu akizoea moja kisha akasoma ripoti iliyotumia jingine, anaweza kufurahia habari mbaya, kwa hiyo angalia kwanza jina la dodoso ndipo uangalie namba.

Mimi natumia zaidi toleo fupi la Kansas City, lenye maswali 12. Linauliza mambo manne: uwezo wa mwili (kuoga, kutembea mahali tambarare, kwenda haraka), dalili za wiki mbili zilizopita (miguu kuvimba, uchovu, kuishiwa pumzi, kulala ukiwa umekaa), namna mgonjwa anavyoyaona maisha yake, na jinsi anavyoshiriki kazi, mapumziko na kutembelea watu. Kila eneo hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha unachukua wastani wa yote manne. Mabadiliko ya alama 5 ni madogo lakini mgonjwa anayahisi, 10 ni ya wastani, 20 ni makubwa.

Hapo kwenye wastani ndipo pa kukaa kidogo. Tuseme mama muuza samaki anapata 25 kwenye mwili, 50 kwenye dalili, 25 kwenye mtazamo wa maisha na 25 kwenye ushiriki. Wastani wake ni 31. Anarekebishiwa dawa, anarudi baada ya miezi mitatu: mwili 50, dalili 75, mtazamo 50, ushiriki palepale 25. Wastani sasa ni 50, amepanda kwa karibu alama 19. Kwenye jedwali la utafiti huyo amefanikiwa sana. Lakini sokoni hajarudi. Ukimuuliza kwa nini, utasikia kwamba pumzi anayo, ila mwanawe wa kwanza amemkataza kabisa kubeba beseni, wakwe wanamfulia, na wajukuu wameambiwa wasimchoshe bibi. Dodoso linauliza ugonjwa umemzuia kiasi gani. Halina mahali pa kuandika kwamba anayemzuia siku hizi ni upendo wa nyumbani. Kwa mgonjwa kama huyu, mwanawe nitamwita kabla sijagusa vidonge. Ndiyo maana kwenye faili naandika alama zote nne, si ule wastani peke yake.

Kwa nini nihangaike na namba hizi? Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 23,000 wa moyo kushindwa katika nchi 40, ukitumia dodoso hilihili la maswali 12. Afrika ilikuwa ya mwisho kabisa, wastani wa 39.5. Ulaya Magharibi ilipata 62.5. Na si suala la kujisikia tu: alama zilivyokuwa chini ndivyo vifo vilivyokuwa vingi, hata baada ya kuzingatia umri, magonjwa mengine na ukali wa ugonjwa wa moyo wenyewe. Alama za ziada ziliendana na hatari ya kifo iliyo pungufu. Maswali 12 ya karatasi yanakueleza jambo ambalo mashine ya mamilioni haikuelezi.

Wagonjwa wetu pia si wazee wa miaka themanini wanaosomwa kwenye vitabu vya Ulaya. Utafiti wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa 2012, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha ya kupanda, si mishipa ya moyo kuziba. Huyu ni mtu mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba. Akianguka yeye, nyumba nzima inayumba.

Sasa maswali yenyewe. Toleo refu la Kansas City linauliza kuhusu kazi za bustani, kubeba mifuko ya dukani na kupanda ngazi. Kwa mgonjwa wangu wa Mbagala ngazi hazipo. Kilichopo ni ndoo ya lita 20, kufua kwa kuinama, kusonga ugali wa watu wanane na kusimama kwenye daladala. Dodoso linaruhusu jibu la kwamba shughuli hiyo huifanyi kwa sababu nyingine, na jibu hilo halihesabiwi. Wastani unachukuliwa kwenye yaliyobaki. Matokeo yake, mtu ambaye shughuli zake ngumu hazikuulizwa kabisa anaweza kuonekana ana nguvu kuliko alivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni sujudu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza dalili waliyoiona kwa wagonjwa wa moyo: akiinama mbele, kama mtu anayefunga kamba za viatu, pumzi inamwisha ndani ya sekunde 30. Shinikizo ndani ya moyo, ambalo tayari liko juu, linaongezeka mtu anapoinama. Wazee wa pwani hawakuhitaji kusubiri 2014. Muulize mzee wa Kiislamu kama siku hizi anaswali kwa kusimama au kwenye kiti, na lini alianza kutumia kiti, utapata historia ya ugonjwa wake kwa swali moja. Akina mama nawauliza kuhusu kufua na kudeki.

Lakini dodoso lenyewe silibadilishi. Haya madodoso yana wenyewe, yanatumika kwa kibali, na ukibadilisha swali namba yako haiwezi tena kulinganishwa na ya mtu mwingine. Maswali yangu ya ndoo, sujudu na daladala nayaandika pembeni, nje ya hesabu.

Halafu kuna suala la nani anajibu. Madodoso haya yalikusudiwa mgonjwa ajaze mwenyewe kwa kalamu. Kwetu wengi wanasomewa, ama kwa sababu miwani imebaki nyumbani ama hawakupata shule. Ukishasoma kwa sauti, hilo si dodoso tena, ni mazungumzo kati ya mkubwa na mdogo, na mazungumzo yana adabu zake. "Shikamoo mama, unaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, nashukuru Mungu." Hapo hujapima kitu. Uliza, "Jana usiku ulilala na mito mingapi?" utajibiwa, "Mitatu, na alfajiri nikahamia kwenye kiti." Afadhali mara mia swali linalodai idadi kuliko swali linalofanana na salamu. Na binti au mkwe aliyemleta, mwombe kwa heshima asubiri nje. Si kwamba anadanganya. Anajibu kuhusu hofu yake mwenyewe, na mgonjwa naye hasemi mbele yake kwamba anajiona mzigo.

Toleo fupi limeliacha swali la tendo la ndoa, ambalo lile refu na la Minnesota yanalo. Naelewa sababu, lakini sikubaliani. Wapo wanaume wanaoacha vidonge kimya kimya wakiamini ndivyo vilivyowamaliza nguvu, na dawa nyingine kweli zina lawama hapo. Kama mwulizaji ni binti wa miaka 24 na mgonjwa ni mzee wa 60, swali hilo lihamishiwe kwa mtu mwingine. Swali jingine ninalolikosa ni la fedha. Minnesota linauliza waziwazi kama ugonjwa unakugharimu kwa matibabu. Kansas City haliulizi. Kwa mtu anayegawa vidonge vya mwezi viende miezi miwili, hilo ndilo swali la kwanza.

Nisije nikaeleweka kwamba alama zikipanda basi kila kitu ni sawa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya dawa iitwayo vesnarinoni, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 3,833. Waliopewa miligramu 60 kwa siku walijisikia vizuri zaidi kwenye dodoso la Minnesota wiki ya 8 na ya 16. Walikufa pia kwa wingi zaidi: asilimia 22.9, dhidi ya 18.9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Upande wa pili kuna dawa za kutuliza mapigo kama karvediloli, ambazo zinaokoa maisha ingawa wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu kuliko jana. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaanza, la sivyo atahesabu dawa imemharibu na ataitupa.

Kliniki ikiwa na foleni, dodoso zima huwezi kulimaliza kwa kila mtu, kwa hiyo ninalifanya siku ya kwanza na kila baada ya kubadilisha dawa. Siku nyingine nauliza mawili matatu tu, na mojawapo ni kama asubuhi hiyo amemeza dawa ya kukojoa, ile inayotoa maji yaliyojaa mwilini. Wanaotoka mbali wengi hawaimezi siku ya safari, maana basi halisimami kila nusu saa kwa ajili ya mtu mmoja. Wanafika wamevimba, wanapimwa wamevimba, wanajibu maswali wakiwa wamevimba, na daktari asiyejua anaongeza dozi. Dozi ya siku ya safari tunaweza kupanga pamoja na mgonjwa imezwe akifika au akirudi nyumbani, mradi atuambie.