Mstari wa Mama wa Omena

Jumapili moja katika soko la Kibuye, Kisumu, nilisimama mbele ya mama muuza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, nikamuuliza kwa utani, "Mama, leo utaanza kuona faida saa ngapi?"

"Si saa, mwalimu. Ni gorogoro ya kumi na tatu. Za kwanza zote ni za mkokoteni na ushuru." (Gorogoro ni kopo la kupimia.)

Kazi yangu ni kuwafunza walimu hisabati, na katika jibu hilo niliona mada nzima ya sekondari ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa.

Tumfuate polepole. Mkokoteni na ushuru vinamgharimu shilingi 250 kabla hajafungua gunia. Kila gorogoro anayouza inamwachia shilingi 20 juu ya bei aliyonunulia. Hayo ni maneno. Tukiiita idadi ya gorogoro x, na faida yake y, maneno yaleyale yanakuwa mlinganyo: y = 20x − 250. Hiyo 20 ndiyo "kila gorogoro". Hiyo 250 ndiyo "kabla hajafungua gunia", na alama ya kutoa inasema kwamba asubuhi ameamka na deni.

Kuchora si kazi kubwa. Weka gorogoro kwenye mhimili mlalo, shilingi kwenye mhimili wima. Asipouza kitu, yuko −250. Akiuza 20, yuko 150. Nukta mbili zinatosha kuchora mstari mnyoofu, ila mimi huwadai wanafunzi ya tatu, maana nukta mbili hazikwambii kama umekosea hesabu. Mstari unaanza chini, unapanda, unakata mhimili mlalo kwenye 12.5. Mama hapimi nusu gorogoro, kwa hiyo kwake ni 13, na hapo ana shilingi 10 tu za faida. (Mfaransa René Descartes alichapisha mwaka 1637 kazi iliyounganisha aljebra na michoro ya jiometri. Mama wa Kibuye hakumhitaji.)

Sasa kosa ninalokutana nalo mara nyingi. Nawaambia wanafunzi: akiuza gorogoro 10, ana hasara ya shilingi 50. Je, akiuza 20? Mikono inainuka: "Hasara ya 100!" Wamezoea kwamba kitu kikiongezeka mara mbili, kingine nacho huongezeka mara mbili. Hiyo ni kweli kwa mstari unaopita kwenye sifuri, kama wa mtu anayenunua sukari kwa kilo. Mstari wa mama haupiti hapo. Kinacholingana kwake ni nyongeza: kila gorogoro 10 zaidi, shilingi 200 zaidi, popote ulipo kwenye mstari. Mlinganyo peke yake hauwaonyeshi jambo hili haraka. Grafu inawaonyesha mara moja, na maneno ya mama yanawaambia kwa nini.

Kosa jingine ni dogo lakini lanikera: kuuendeleza mstari kushoto ya sifuri. Gorogoro −5 ni nini? Mteja amerudisha omena?

Kwa maoni yangu, tunaanzia mahali pasipofaa. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, fomula inakuja kwanza, na mtoto ambaye nyumbani anapiga hesabu ya soko kwa Kijaluo au Kiswahili anadhani ni vitu viwili tofauti. Mwache aseme kwanza, kwa lugha yoyote, kisha aandike, kisha achore.

Halafu mpe mabadiliko. Mwenye mkokoteni akiongeza shilingi 50, mlinganyo unakuwa y = 20x − 300: mstari wote unashuka bila kubadili mwinamo, na gorogoro ya 15 inamrudishia gharama tu; faida anaisubiri kwenye ya 16. Lakini uvuvi wa omena ukifungwa ziwani, kati ya Aprili na Julai, bei ya kununulia inapanda. Tuseme faida kwa gorogoro inabaki shilingi 10. Mstari unaanzia palepale −250, ila umelala. Unakata mhimili kwenye 25.

Niliporudi Kibuye na karatasi yenye mstari wa kwanza na huu wa mwisho, mama aliitazama mistari hiyo miwili, akaweka kidole kwenye ule uliolala. "Huu ni wa Mei," akasema, kisha akageuka kumpimia mteja.