Je, wajua kwa nini plasta isiyo na dawa hupunguza maumivu ya kisigino?

Unaamka alfajiri, unashusha mguu kitandani, na hatua ya kwanza tu unahisi kama umekanyaga msumari. Unashika ukuta. Ukichechemea hadi bafuni na kurudi, maumivu yanalegea. Lakini ukikaa kitako muda mrefu kisha ukainuka, yanarudi. Mara nyingi hiyo huwa plantafasaitisi, yaani maumivu ya ukanda ulio chini ya wayo, na mtaalamu wa mazoezi ya tiba huweza kukufunga plasta, yaani utepe wenye gundi, kwenye wayo. Plasta hiyo haina dawa yoyote. Inasaidiaje?

Kutoka mfupa wa kisigino hadi mashina ya vidole umepita ukanda mnene wa nyuzi. Fikiria upinde wa kuwindia: mifupa ya mguu ndiyo mti uliopinda, ukanda ndio upote wake. Ukikanyaga, uzito wa mwili unataka kuulaza upinde, na upote unakaza kuuzuia. Ukiinua kisigino ili upige hatua, vidole vinakunjika kwenda juu na kuuvuta zaidi, kama kamba ya kisima inavyojiviringisha kwenye gogo. Daktari Hicks wa Uingereza aliueleza mvuto huu mwaka 1954. Jaribu mwenyewe: kaa, vuta kidole gumba cha mguu kwenda juu, kisha papasa chini ya wayo. Utaugusa ukanda huo umekaza kama waya.

Kusimama kutwa kwenye sakafu ngumu, kuongezeka uzito, au kuvaa viatu bapa hufanya nyuzi zichakae pale zinaposhikana na kisigino. Usiku ukanda hupumzika ukiwa umelegea. Asubuhi unavutwa ghafla, ndiyo maana hatua ya kwanza huwa kali.

Plasta inaupokea upote sehemu ya mzigo wake. Ndiyo maana hutumika ile nyeupe, ngumu, isiyovutika. Mguu ukiwa safi na mkavu, kipande cha kwanza huanzia ubavuni karibu na shina la kidole kidogo, huzunguka nyuma ya kisigino chini ya fundo, na kuishia kwenye shina la kidole gumba. Kabla ya kukimalizia, shina hilo la kidole gumba hubonyezwa kidogo kwenda chini, ili upinde uinuke. Halafu vipande vifupi vitatu au vinne hupita chini ya wayo, vikivutwa kutoka ubavu wa nje kwenda wa ndani. Juu ya mguu huachwa wazi, damu ipite. Mara ya kwanza ni heri ufungwe na anayejua, nawe utazame mikono yake.

Nafuu yake imepimwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006, uliohusisha watu 92, ulionyesha kuwa baada ya wiki moja maumivu ya hatua ya kwanza yalipungua kwa waliofungwa, takriban alama 12 kati ya 100 zaidi ya wenzao wasiofungwa. Si muujiza, lakini kwa mtu anayeogopa sakafu ya chumba chake mwenyewe naona ni nafuu ya kweli.

Ila plasta hulegea kadiri unavyotembea, na haiponyi nyuzi. Itumie kupata ahueni huku ukifanya mazoezi. Kabla hujashuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea kwako, hesabu hadi 10, achia. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asijifunge mwenyewe, kwani kidonda chaweza kuanza chini ya plasta asikisikie. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, au ngozi ikiwasha, ibandue mara moja, taratibu, ukilainisha kingo zake kwa mafuta ya nazi.