Unga wa mbao na superglu haviponyi gitaa

Kila mwaka ikifika Februari, magitaa yaliyopasuka uso huanza kuletwa karakanani kwangu hapa Majengo, Moshi, na mengi yake yameshajazwa unga wa mbao na superglu. Wiki hii nimeyasikia tena maneno yale yale: "Fundi, si unasaga tu mbao kwa msasa, unachanganya unga wake na superglu, unapaka, kwisha?" Safari hii aliyesema ni seremala mzoefu wa makabati, aliyejijengea gitaa lake la kwanza kwa ajili ya kwaya ya usharika wao. Kazi yake ni safi. Ushauri aliopewa ndio mbovu, na kwa kuwa unazunguka kuanzia hapa hadi Arusha, nauandikia.

Dhana: Unga wa mbao na superglu huziba kosa lolote

Uso wa gitaa ni ubao wa milimita mbili na nusu hadi tatu, na upana wake kule chini hukaribia sentimita 40. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu wa nyuzinyuzi zake mabadiliko ni madogo mno. Januari na Februari hapa Moshi ni jua kali na upepo wa vumbi. Ubao unapoteza unyevu, unataka kusinyaa, lakini breisi, vile vijiti vya kuuimarisha kwa ndani vilivyogundishwa kwa kukingama, zinaukatalia. Hatimaye unapasuka.

Sasa wewe unaukuta ufa uko wazi, unaujaza. Superglu iliyokaukia kwenye unga inakuwa ngumu kuliko ubao wenyewe. Masika yanaingia, ubao unavuta unyevu, unataka kurudia upana wake, unakuta katikati pamepigwa kabari. Nyuzinyuzi laini za pembeni zinasagika, au uso unavimba, au ufa unaendelea mbele kuelekea kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi. Kiangazi kinachofuata panafunguka ufa wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza. Mwenye gitaa anakuja akilaumu mbao, na mbao haina kosa.

Kuna baya zaidi. Superglu nyepesi hunyonywa na mbao, na ikishaingia, gundi ya kawaida haipati tena pa kushika. Asetoni huiyeyusha, lakini huharibu na vanishi pia. Ndiyo maana nikikutajia bei ya ukarabati unashtuka: ufa wenyewe ni kazi ndogo, kuitoa ile tiba ya kwanza ndiko kunakokula muda.

Ukiuona ufa, usiguse gundi yoyote. Legeza nyuzi. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, tia ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone, kiingize kwenye tundu la gitaa, kisha lifunge gitaa ndani ya begi lake. Kagua kila siku. Mara nyingi nyufa hujifunga zenyewe, na hapo ndipo gundi ya mbao inapohusika. Isukume kwa kidole kutoka juu, huku mkono mwingine ukiinua na kushusha ubao taratibu kutoka ndani, mpaka uione ikichungulia upande wa chini. Futa, bana, acha ikauke.

Kisha weka viraka kwa ndani: vipande vya mraba vya milimita 10 hadi 12, unene milimita moja na nusu, kingo zimechongwa zikapungua, nyuzinyuzi zake zikikingama ufa. Kila sentimita tatu au nne kiraka kimoja. Mkono usipofika na klampu, tumia sumaku mbili, moja ndani moja nje, na karatasi ya nailoni katikati ili sumaku isigande.

Ufa ukikataa kufunga hata baada ya kupewa unyevu, chonga kijiti chembamba cha mbao ile ile, nyuzinyuzi zikielekea upande ule ule, kiingie kwa kusukumwa na kidole bila nyundo. Hicho kitatanuka na kusinyaa pamoja na uso mzima. Unga hauwezi, kwa sababu ukishausaga umeziua nyuzinyuzi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye kiungo cha shingo kilichochongwa kikalegea. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa jumla ya kilo 70 na ushee, mchana na usiku. Usiukabidhi mzigo huo uji wa unga na gundi. Gundisha kwenye kiungo vipande vyembamba vya mbao ya shingo, kisha uchonge upya kwa utulivu.

Je, unga haufai popote? Unafaa pasipobeba mzigo. Fingabodi ya mpingo, yaani ubao wa juu ya shingo unapokandamizia nyuzi, ikimeguka kidogo kando ya mfereji wa freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikingama, unga wa mpingo na tone la superglu hukaa vizuri na hauonekani. Vaa barakoa tu, maana vumbi la mpingo linawasha kifua.

Dhana: Gundi ya mbao ikishakauka, umekwama

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa joto. Breisi uliyoipachika vibaya au fingabodi iliyoteleza ulipokuwa ukibana, pasi ya moto pamoja na kisu chembamba butu vitaifungua, ukienda polepole na ukifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi. Gundi ya wanyama ni rahisi zaidi, joto na unyevu vinaimaliza. Anayesumbuka zaidi ni yule aliyetumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili, kila mahali.

Dhana: Mfereji mmoja wa freti ukikosewa, fingabodi nzima imekufa

Haijafa. Gundisha ukanda mwembamba wa mbao ile ile ndani ya mfereji, sawazisha, kata upya. Freti na ule ukanda vitaficha sehemu kubwa ya kosa. Ila tafuta chanzo chake. Wengi hupima kutoka freti hadi freti, na kila kosa dogo linajirundika juu ya lingine. Pima zote kutoka kwenye nati, kile kijiti chenye mikato ya kupitisha nyuzi mwishoni mwa shingo upande wa kichwa. Kwa gitaa lenye kipimo cha uzi cha milimita 650, yaani mara mbili ya umbali wa nati hadi freti ya 12, freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka nati, ya 12 iko 325. Hizo mbili zikigoma kulingana na alama zako, usishike msumeno.

Dhana: Gitaa likitoa sauti ya juu kuliko inavyotakiwa kadiri unavyopanda shingo, ng'oa daraja

Ukikandamiza uzi unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Ndiyo maana mfupa wa daraja, kile kijiti nyuzi zinapoegemea juu ya daraja, haukai sawasawa kwenye kipimo cha mara mbili ya freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma husogezwa nyuma kama milimita mbili upande wa uzi mwembamba, na nne hivi upande wa uzi mnene. Umesahau? Liache daraja mahali pake. Ziba mfereji wa mfupa kwa kipande cha mbao ya daraja, kisha chimba mwingine panapostahili.

Dhana: Ubavu umekatika kwa sababu haukulowekwa vya kutosha

Kinachokunja mbao ni joto. Maji yanasaidia tu kulisafirisha. Bomba lako la moto la kukunjia likiwa halijafikia kiasi cha kurusha matone ya maji, hata uuloweke ubavu usiku kucha utakatika. Na unene wa milimita mbili unatosha. Ukiacha tatu unajitafutia.

Dhana: Vanishi nzito hufunika makosa

Hufunika sauti. Kwangua.

Dhana: Daraja likibanduka, lipigwe skrubu

Angalia kwanza chini yake. Mara nyingi utakuta liligundishwa juu ya vanishi, kwa hiyo kilichoshikwa na gundi ni vanishi, si mbao. Chora mpaka wa daraja kwa kisu bila kukata nyuzinyuzi za uso, kwangua vanishi yote ndani ya mstari hadi mbao tupu. Daraja la mpingo nalo likwangue upande wa chini muda huo huo unapogundisha, kwa sababu mafuta yake hupanda juu yakaikataza gundi. Bana kwa klampu tatu kupitia tundu la gitaa, futa gundi iliyotoka, na usikaze nyuzi mpaka zipite saa 24.